Dhana Potofu Kuhusu Kupanda Milima Mirefu

Mkazi wa Tunduma, Vwawa au Ileje ana haki ya kujiita mtu wa nyanda za juu. Baridi ya Juni na Julai anaijua, na miteremko ya kwao imemzoeza kutembea. Kwa sababu hiyo kijana wa Songwe apatapo nafasi ya kwenda kupanda Mlima Kilimanjaro, hudhani kwamba amekwisha kujiandaa tangu kuzaliwa. Dhana hiyo ni mojawapo ya zile zilizoenea kuhusu milima mirefu, na yaweza kumgharimu mtu maisha yake. Tuzichunguze kwa fizikia na baiolojia zile zile zinazofundishwa katika shule zetu.

Je, kileleni oksijeni imekwisha?

La. Kutoka pwani hadi Kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, oksijeni ni ile ile asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni kanieneo, yaani mgandamizo unaotokana na uzito wa hewa iliyo juu yetu. Pwani kanieneo ya hewa huinua zebaki milimita 760. Katika sehemu za Mbozi zilizo kwenye mita 1,500 hivi, hubaki kama asilimia 84 ya ile ya pwani. Kwenye kilele cha Mlima Rungwe, mita 2,961, kama asilimia 70. Na Uhuru karibu nusu tu. Kanieneo ikipungua, molekuli za hewa huwa zimetawanyika zaidi. Basi kila pumzi huingiza mapafuni oksijeni pungufu, na msukumo wa kuipeleka katika damu hudhoofika.

Wanafunzi wa Vwawa waweza kulishuhudia jambo hili katika maabara yao. Wachemshe maji na kuyapima kwa kipimajoto: yatachemka kwenye nyuzi 95 hivi za Sentigredi, wala si 100, kwa kuwa kiwango cha 100 ni cha usawa wa bahari. Ndiyo sababu maharage hukawia kuiva Mbozi kuliko Dar es Salaam. Kwenye Kilele cha Uhuru maji huchemka kwenye nyuzi 81 hivi.

“Mimi ni mzaliwa wa nyanda za juu”

Kuzoea mita 1,500 hakumwandai mtu kwa mita 4,700. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuonekana juu ya mita 2,500, na huko hakuna mji wa Songwe unaofika. Tena mji wa Moshi, ambako safari nyingi za Kilimanjaro huanzia, uko chini ya mita 1,000. Kijana wetu huanza kupanda akiwa ameshuka kutoka kwao!

Wala aliyewahi kupanda Rungwe asijidanganye. Dalili za ugonjwa huu huhitaji saa kadhaa kujitokeza, na apandaye na kushuka siku ile ile huwa amekwisha kurudi chini kabla hazijamfikia.

“Mwenye nguvu haugui”

Mazoezi hupunguza uchovu, lakini hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Mara nyingi kijana mwenye misuli ndiye aumwaye, kwa kuwa huwapita wenzake na kufika juu mapema mno.

Kinachohitajika ni muda. Mwili ukikosa oksijeni ya kutosha, huongeza kasi ya kupumua. Kwa kufanya hivyo hupoteza kabonidayoksaidi nyingi, damu ikaelekea hali ya besi, na ubongo ukazuia pumzi zisizidi. Figo hurekebisha hali hiyo kwa kuondoa bikaboneti, kazi ambayo huchukua siku kadhaa. Kuongezeka kwa chembe nyekundu za damu huchukua majuma.

Kwa hiyo wataalamu hushauri kwamba, juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila siku ya tatu au ya nne iwe ya mapumziko. Sasa tuitazame njia ya Marangu. Vituo vyake vya kulala, Mandara, Horombo na Kibo, viko kwenye mita 2,700, 3,700 na 4,700 hivi. Kila hatua ni mita 1,000, yaani maradufu ya kipimo hicho! Anayelala siku moja zaidi Horombo hapotezi fedha. Anazipa figo zake nafasi ya kufanya kazi.

“Maji na dawa vitaniokoa”

Maji hufidia yale yanayopotea kwa jasho na pumzi, lakini hayaongezi kanieneo ya hewa, na yakizidi mno hupunguza chumvi katika damu. Dawa iitwayo asetazolamidi huzisaidia figo kutoa bikaboneti, nayo itumiwe kwa ushauri wa daktari. Hata hivyo, haimpi ruhusa mgonjwa kuendelea kupanda.

“Ni uchovu tu”

Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Anayeumwa kichwa huku akisikia kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula asipande zaidi mpaka apate nafuu. Akipepesuka kama mlevi, au akishindwa kutembea katika mstari ulionyooka, huenda ubongo wake umeanza kuvimba. Akitweta hali amepumzika, au akikohoa povu, huenda mapafu yake yanajaa maji. Katika hali hizo tiba kuu ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku. Oksijeni ya mtungi husaidia, lakini haichukui nafasi ya kushuka.

Mwalimu aongozaye msafara wa wanafunzi na awatangazie kabla ya kuondoka kwamba kurudi nyuma si aibu, na kwamba afichaye maumivu ya kichwa anajihatarisha yeye na wenzake. Awaangalie vivyo hivyo wapagazi, kwani nao huugua. Waongozaji wa Kilimanjaro huwahimiza wageni waende “pole pole”. Wengi huidhani ni huruma kwa wachovu, kumbe ndiyo kanuni ya kwanza ya kupanda salama.