Protini Viungo: Wajumbe Wadogo wa Kinga ya Mwili



Tumesoma darasani kwamba chembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili. Katika ukurasa huu tumeonelea tueleze aina moja ya askari hao, pamoja na mjumbe mdogo ambaye akikosekana, askari humwona adui asimpige.

Askari hao huitwa seli za uuaji wa asili. Ziligunduliwa katika miaka ya 1970. Kazi yake ni kuua seli zilizoingiwa na virusi au zilizoanza kugeuka saratani. Huitoboa seli mbovu kwa protini iitwayo perforini, kisha hupitisha vimeng'enya vinavyoiua kutoka ndani.

Je, seli hizi hujuaje nani wa kuuawa? Kwenye utando wake kuna vipokezi vinavyopapasa alama za seli nyingine. Lakini vipokezi vingi vina mkia mfupi usioweza kupeleka habari ndani. Ni kama kitufe cha kengele kisicho na waya. Waya huo ndio protini viungo. Zenyewe haziui wala hazimgusi adui; hushikana na kipokezi, zikapeleka habari. Kipokezi NKG2D, kwa mfano, hutegemea protini DAP10 katika mwili wa binadamu, na vingine hutegemea DAP12.

Kuna vipokezi vingine vyenye mkia mrefu, navyo pia huhitaji mjumbe. Kipokezi 2B4 humhitaji SAP, protini ndogo yenye asidi za amino 128 tu. SAP ikiwepo, 2B4 huamrisha kuua. Isipokuwepo, kipokezi kile kile hugeuka breki.

Jeni ya SAP ilitambuliwa mwaka 1998, nayo imo katika kromosomu X. Mama anaweza kubeba jeni yenye kasoro bila kuugua, akamrithisha mwanawe wa kiume. Mtoto huyo huenda akaonekana mzima mpaka akutane na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa saratani ulioletwa London kutoka Uganda. Virusi hivi huwapata watu wengi duniani, na watoto wengi hupona bila hata kujua. Kwake yeye vinaweza kuua, kwa kuwa seli za kinga huzaana ovyo na kuharibu ini na uboho. Tiba ya kuondoa tatizo lenyewe ni kupandikizwa uboho wa mtu mzima wa afya.

Basi ikiwa katika ukoo wa mama wavulana wamekuwa wakifa au kuugua vibaya kwa homa na matezi kuvimba, tusikimbilie kusema wamerogwa. Daktari aelezwe habari za ukoo mzima.

Swali kwa wanafunzi: kwa nini maradhi haya huwapata wavulana kuliko wasichana? Jibu limo humu humu. Liandikeni, mlete kwa mwalimu.