Buibui mwenye manyoya: mtambue kabla hajakuuma

Huenda umewahi kukuta buibui mkubwa mwenye manyoya chini ya jiwe au kwenye shimo huko mashambani. Wengi humponda bila kumtazama. Leo tumtazame, maana kumjua kutakufaa siku utakapoumwa.

Wataalamu hugawa buibui kwa meno yao. Wale wadogo wa nyumbani hubana kama koleo. Hawa wakubwa hupiga kwenda chini, kama jembe. Huitwa tarantula, nao ni wa familia ya Theraphosidae.

Jenasi mojawapo ya hapa Afrika Mashariki ni Pterinochilus, iliyopewa jina na Mwingereza Pocock mwaka wa 1897. Utamjuaje? Kwanza, upande wa nje wa taya zake una nywele laini zilizosongamana kama manyoya ya ndege. Pili, mgongoni hana pembe kama ile waliyo nayo wengi wa jamaa zake wa jenasi ya Ceratogyrus. Tatu, hana nywele za kuwasha kama tarantula wengi wa Amerika, hivyo silaha yake ni meno. Akichokozwa huinua miguu ya mbele na kuyaonyesha.

Usimchanganye na Pelinobius muticus, jitu la rangi ya kutu lenye miguu minene ya nyuma, ambalo vitabu vya kabla ya mwaka wa 2010 huliita Citharischius crawshayi.

Akikuuma utapata maumivu makali, uvimbe na pengine kukazwa na misuli. Kwa kawaida mtu hupona. Osha jeraha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, meza dawa ya maumivu, kisha umuulize daktari kuhusu sindano ya pepopunda. Usichanje, usinyonye wala usifunge kamba.

Lakini sikiliza hili kwa makini. Ikiwa ulitia mkono shimoni na hukumwona aliyekuuma, usijifariji kwamba ni buibui. Nyoka pia hukaa mashimoni, na alama za meno yake huweza kufanana na za buibui. Tuliza kiungo hicho, usikitembeze, na ufikishwe hospitalini mara moja. Kungoja uvimbe upande ndipo uondoke ni kuchezea maisha.