Mlango wa Mahakama Uwe wa Nani?

Mwaka 1923 Lord Hewart, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Uingereza, alitoa kauli ambayo wanasheria wetu huikariri hadi leo: haitoshi haki kutendeka, sharti ionekane ikitendeka. Wengi hudhani kauli hiyo inawahusu majaji peke yao. Kwa maoni yangu, inamhusu pia msanifu wa majengo, kwani mwananchi huiona mahakama kwa macho kabla ya kuisikia kwa masikio.

Litazame jumba la Mahakama ya Juu lililoko City Hall Way, katikati ya Nairobi. Lilibuniwa na Sir Herbert Baker, yule yule aliyechora Union Buildings za Pretoria, likajengwa katika miaka ya 1930. Nguzo zake ndefu zilimwambia Mwafrika kwamba dola ni kubwa naye ni mdogo. Lakini mkoloni alipomshtaki Mzee Jomo Kenyatta na wenzake mwishoni mwa 1952, hakuwaleta mbele ya nguzo hizo. Aliwapeleka Kapenguria, kesi ikasikizwa katika jengo la shule, mbali na umati wa Nairobi. Alijua vyema kwamba mahali pa kuhukumia ni sehemu ya hukumu.

Hata hivyo, sikubaliani na anayedhani kwamba majumba ya kale yanafaa kubomolewa. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais, na Wakenya wakalitazama jumba lile la mkoloni kwa jicho jipya. Jirani yake ni KICC, kazi ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso iliyofunguliwa mwaka 1973. Ya kale na ya kisasa yanaweza kukaa ujirani bila kugombana.

Swali gumu ni mahakama za kila siku, yaani Milimani, Kibera na nyinginezo, anakokwenda mama muuza mboga wa Kawangware kudai deni lake. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka yaamuliwe katika siku 60. Hatua hiyo ni njema. Je, mama huyo akifika langoni ataona kwamba pale ni pake?

Nauliza kwa sababu hofu imeingia. Juni 2024 hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi akiwa kazini katika mahakama ya Makadara, akafariki. Baada ya msiba huo, matumizi ya mahema kama vyumba vya mahakama yalisitishwa. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Hakimu hawezi kufanya kazi ambapo hakuna hata ukuta wa kumkinga. Lakini tusije tukakimbia hema tukaangukia ngome.

Usanifu una jibu lake. Mahakama iliyopangwa vizuri huwa na njia tatu zisizokutana: ya hakimu, ya mahabusu na ya umma. Njia zikitenganishwa ndani, wageni wakikaguliwa kwa heshima, mlango wa mbele unaweza kubaki mpana. Afrika Kusini walijenga Mahakama yao ya Katiba, iliyofunguliwa Johannesburg mwaka 2004, penye gereza la zamani. Matofali ya gereza hilo yalitumiwa ukumbini, na jina la mahakama likaandikwa kwa lugha zote 11 rasmi za wakati huo.

Sisi nasi tudai yetu: viti na kivuli kwa wanaongoja, chumba cha shahidi asiyepaswa kukabiliana na mshtakiwa ukumbini, na njia ya kiti cha magurudumu, kwani kifungu cha 54 cha Katiba kinawahakikishia walemavu nafasi ya kufika popote. Vibao viandikwe kwa Kiswahili pia, maana ni lugha rasmi, na sheria inakiruhusu kutumika katika mahakama za mahakimu.

Walimu, wapelekeni wanafunzi wakasikilize kesi, kwani Katiba inataka kesi zisikizwe hadharani. Nanyi wanafunzi, mkirudi darasani msiandike hukumu pekee. Andikeni pia mliingilia wapi, mliketi wapi, na ni nani aliyebaki nje.