Rad elfu tano za bibi

Faili lilikuwa la kaki, pembe zake zimeliwa na mende, na ndani yake karatasi moja tu ndiyo iliyotuhusu. Bibi aliyelileta alitibiwa saratani ya titi kwa mionzi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sasa alihitaji mionzi tena, jirani na palepale. Wino wa buluu uliandika: 200 × 25, jumla 5,000. Baada ya namba hakuna neno. Daktari kijana aliyesimama pembeni yangu akaguna.

“Mwalimu, elfu tano? Bibi huyu alipona vipi?”

Alipona kwa sababu hazikuwa gray. Kijana amesomea vitabu vilivyokwisha kuiacha rad; mimi nilifundishwa na watu waliokuwa wakiota kwa rad.

Dozi inayofyonzwa ni hesabu ya nishati: mionzi imeacha nishati kiasi gani katika kila kilo ya mwili iliyopita. Ikiacha jouli moja katika kilo moja, hiyo ni gray moja. Kizio hicho kilipitishwa mwaka 1975 na kupewa jina la Louis Harold Gray, mwanafizikia Mwingereza. Kabla yake ilitawala rad, iliyowekwa mwaka 1953, nayo ni sehemu moja ya mia ya gray. Kwa hiyo rad ni senti, gray ni shilingi. Senti 5,000 ni shilingi 50, na gray 50 zilizogawanywa mbilimbili kwa siku 25 ni dozi ambayo daktari yeyote wa saratani ya titi anaijua.

Wakati wa kuhama, watu wa tiba walicheza ujanja ambao bado upo. Walianza kuandika sentigray, ambayo ni rad ileile kwa jina jipya, na 200 ikabaki 200. Wapo wanaouita ukaidi. Mimi nauona busara, maana kwenye chumba cha matibabu nukta ya desimali ikihama hatua moja tu, mgonjwa anapata mara kumi ya alichoandikiwa.

Gray yenyewe inadanganya macho. Mtu akipigwa gray 4 mwili mzima kwa mpigo mmoja, na asitibiwe, uwezekano wake wa kufa ni karibu nusu kwa nusu. Ila jouli nne kwa kilo zinapandisha joto la mwili kwa takriban elfu moja ya nyuzi moja tu. Funda la chai ya moto linaingiza joto zaidi. Mionzi haiui kwa joto. Inakatakata vinasaba ndani ya seli, na kwa kazi hiyo nishati kidogo inatosha. Bibi alistahimili gray 50 kwa kuwa zililenga kifua peke yake, na kila siku seli zake nzima zilipata muda wa kujitengeneza.

Kwenye roentgen, senti na shilingi hazitusaidii tena. Roentgen hupima chaji ya umeme ambayo mionzi inazalisha hewani, haipimi nishati iliyobaki mwilini. Roentgen moja huacha karibu rad 0.88 katika hewa na karibu 0.96 katika msuli, na kwa eksirei hafifu mfupa hufyonza mara kadhaa zaidi. Ile 5,000 ingekuwa ya roentgen, bibi angekuwa amepata kama gray 48.

Mfano mchungu zaidi wa roentgen ni ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, mwaka 1986. Vipimo vilivyokuwa mikononi mwa wafanyakazi usiku ule viliishia mikroroentgen 1,000 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600, unapata roentgen 3.6 kwa saa: namba iliyopelekwa kwa wakubwa kana kwamba ni kipimo, kumbe ni mwisho wa mshale. Ukiigeuza kwa hewa ni kama miligray 32 kwa saa, mtu anaweza kuingia na kutoka. Kwenye vifusi karibu na kinu kulikuwa na maelfu ya roentgen kwa saa. Kwa roentgen 10,000 kwa saa, zile gray 4 zinatimia kabla ya dakika tatu.

Sievert nayo ni swali jingine. Kilo ya pilipili hoho na kilo ya pilipili mbuzi ni sawa kwenye mizani. Ulimi ndio unaozitofautisha. Gray ni mizani, sievert ni ulimi. Kwa eksirei na gama, gray moja huhesabiwa sievert moja, na ndiyo maana watu huzichanganya bila kuadhibiwa. Kwa chembe za alfa gray hiyohiyo ni sievert 20. Tena sievert ni ya kinga, ya kuwekea wafanyakazi na majirani mipaka. Karatasi ya tiba ikiniletea sievert, nairudisha.

Nikaigeuza karatasi ya bibi. Nyuma, kwenye hesabu ya dakika za mashine ya kobalti, penseli iliyofifia ilikuwa imeandika “rad/dk”. Kijana akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha kuhakikisha. Kisha akachukua karatasi mpya, akaandika: dozi ya awali, rad 5,000, yaani Gy 50. Akanipa kalamu nitie saini.