Parseli kutakiwa na serikali: mwezi mmoja unahesabiwa toka siku ya barua, si toka siku ya alama ukutani

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, iwe Bunia, Butembo ao Kisangani, mkaaji mara nyingi anajua kwamba parseli yake inatakiwa siku anapokuta alama ya rangi nyekundu ukutani, ao anaposikia tangazo la meya kwenye redio. Lakini sheria nambari 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977, inayopanga namna serikali inavyoweza kutwaa mali ya mtu kwa faida ya wote, inaomba zaidi ya hayo.

Kwanza, uamuzi wenyewe si wa meya wala wa burgumesta. Kwa parseli za kawaida unatolewa na waziri wa mambo ya ardhi. Kwa eneo zima, na Rais wa Jamhuri. Unapaswa kutaja majina ya wanaohusika, kuonyesha ramani ya mali na kusema ni muda gani watapewa wa kuhama.

Kisha unatangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na mwenye mali anapashwa habari yeye mwenyewe: kwa barua ya posta yenye uthibitisho wa kupokelewa, ao barua anayopewa mkononi na mjumbe, naye anatia sahihi na tarehe. Kwa kuwa posta yetu inajulikana ilivyo, imebaki njia ya mkononi.

Sahihi hiyo ina uzito. Toka tarehe yake mwenye mali ana mwezi mmoja wa kupeleka malalamiko na maoni yake kwa wizara ya ardhi. Pasipo barua, ni vigumu kusema mwezi huo ulianza lini. Ndiyo maana kutia sahihi bila kuandika tarehe, ao kukubali tarehe iliyokwisha kuandikwa na mwingine, ni kujipunguzia siku.

Wasiposikilizana juu ya malipo, tribinali ndiyo inaamua. Malipo yanapimwa kwa bei ya mali siku ya hukumu, si ile ya siku iliponunuliwa, na yanapaswa kutolewa kabla parseli haijaandikwa kwa jina jipya. Miezi 4 ikipita toka hukumu bila kulipwa, aliyenyang'anywa anaweza kuomba yote yafutwe. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2006 nacho kinadai malipo ya haki, tena yatangulie.

Ugumu uko kwa wengi wasiokuwa na sertifika. Sheria ya ardhi ya 1973, katika kifungu cha 219, ilisema haki juu ya kiwanja inathibitishwa na hati hiyo tu. Mwenye karatasi ya chifu wa avenyu, hata akiwa amekaa pale miaka 30, anaweza kuambiwa barua haimhusu. Vilevile aliyejenga ndani ya sehemu ya barabara: kwake serikali inasema haimnyang'anyi kitu, inarudisha mali yake.

Wapangaji nao wanasahaulika. Sheria inamlazimisha mwenye nyumba aliyepata barua kuwajulisha bila kukawia. Akinyamaza, fidia ambayo wangeweza kudai inabaki deni lake peke yake.