Mlevi na Aliyelewa: Lugha na Hukumu katika Usawiri wa Wahusika wa Riwaya

Kiswahili kina njia mbili za kumtaja mtu aliyekosa. Anaweza kuitwa mlevi. Anaweza pia kuelezwa kuwa ni mtu aliyelewa. Tofauti hiyo si ya mtindo tu. Kitenzi kirejeshi hubeba kiambishi cha wakati, hivyo kosa hupata mwanzo na huenda likapata mwisho. Nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi hichohicho hukidondosha kiambishi hicho, na kosa la jana likawa ndiyo nafsi ya mkosaji.

Katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Hukumu imetangulia ushahidi. Hiyo si kasoro. Ndiyo desturi ya hekaya, na Shaaban Robert aliimudu kuliko wengi. Hata hivyo, ndugu hao wanapogeuzwa manyani na Adili akalazimika kuwachapa, huruma hupenya katika ufa ambao majina hayakuweza kuuziba.

Euphrase Kezilahabi aliupanua ufa huo katika Rosa Mistika (1971). Jina lenyewe ni sifa ya Bikira Maria katika litania, nalo halioani na mwenendo wa anayelibeba. Zakaria, baba mlevi, anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, Charles. Binti aliyelindwa kwa fimbo anapofika mbali na macho ya baba, hana alichofunzwa kuhusu wanaume isipokuwa hofu, na hofu ikishatoweka hakuna kinachobaki kumwongoza. Baadaye Charles yuleyule anamkataa kwa kuwa si bikira tena, naye Rosa anajiua.

Msomaji akimwita malaya, fimbo ya Zakaria inabaki bila maelezo. Akimwita mwathiriwa tu, anampokonya Rosa matendo aliyoyachagua mwenyewe. Wahakiki humwita mhusika wa namna hii mhusika duara, istilahi inayotokana na mgawanyo wa E. M. Forster wa mwaka 1927. Istilahi hiyo yafaa, ila huhesabu pande za mhusika bila kuuliza ni nani anayehukumu. Mvuto wa Rosa umo hapo hasa: kila nomino anayobandikwa hubanduka, na msomaji hurudishwa kwenye vitenzi, alifanya nini, lini, baada ya kufanyiwa nini.

Riwaya hiyo ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa madai ya kukiuka maadili, kisha baadaye ikaingizwa miongoni mwa vitabu vya kufundishia fasihi katika sekondari. Marufuku iliondoka, lakini tabia ya kusoma iliyoizaa haikuondoka nayo. Swali la mtihani linalomtaka mwanafunzi ataje sifa za Rosa hujibiwa kwa orodha ya nomino na vivumishi, na katika orodha hiyo fimbo ya Zakaria haina mahali pa kuandikwa.