Biashara ya kuosha madirisha: Ngazi haipandi matatu

Makanga aliitazama ngazi, akanitazama mimi, kisha akaitazama ngazi tena.

“Boss, hiyo utaikalisha wapi?”

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi pale Roysambu, na mteja wetu alikuwa akitungoja Kilimani. Ndoo, vitambaa, sabuni na skwiji, kile kifaa chenye ulimi wa mpira cha kukaushia kioo, vilibebeka bila maneno. Shida ilikuwa ngazi ya alumini ya vipande viwili, ambayo hata ikishushwa yote bado ina urefu wa mita tatu na nusu. Matatu tatu zilitukataa. Mwishowe mwenzangu akapanda boda na kuibeba begani, mimi nikafuata kwa matatu. Kabla ya kufika Pangani foleni ikashika, boda akapenyeza katikati ya magari, na ncha ya ngazi ikang'oa kioo cha pembeni cha gari la watu. Tulimlipa mwenye gari papo hapo kwa M-Pesa. Doo hiyo ndiyo ilikuwa faida yetu yote ya siku, na hata dirisha moja hatukuwa tumeligusa.

Kuosha madirisha kunasifiwa sana mtaani kuwa biashara ya mtaji mdogo, na kwa sabuni na ndoo hilo ni kweli. Kitu ambacho wengi hatukipigii hesabu ni ngazi. Kuinunua ni jambo moja. Kuifikisha kazini, kuipanda na kushuka ukiwa mzima ni mambo mengine kabisa.

Anza na usafiri, maana hapo ndipo wengi tunajidanganya. Ukimtajia mteja bei kabla ya kujua ngazi itafikaje kwake, umejikata mwenyewe. Siku hizi mimi huuliza kwanza: ni wapi, ghorofa ngapi, na je, keateka ana ngazi yake? Ikibidi kubeba yetu, tunakodi Probox yenye keria na gharama inaingia kwenye bei. Kama kazi ni ya mtaa wa karibu, mkokoteni unatosha. Na kuna ujanja mwingine uliotuokoa: kutafuta wateja wa eneo moja na kuwapanga siku moja. Nyumba nne za Kilimani kwa safari moja ya ngazi zina maana kuliko nyumba moja Kilimani, moja Kasarani na nyingine Embakasi.

Sasa, kuifunga kwenye keria. Hapa mjini kila kitu kinafungwa kwa mipira ile ya kukatwa kutoka kwa tyubu kuukuu. Kwa gunia la viazi sawa, lakini mpira huvutika, na ngazi ya alumini huteleza. Dereva akipiga breki ya ghafla, ngazi inaenda mbele kama mshale. Tumia kamba isiyovutika au mikanda ya kukaza mizigo, na uifunge mbele na nyuma, kila mahali inapokutana na chuma cha keria. Vile vipande viwili vifunge pamoja kwanza, la sivyo kimoja kitachomoka chenyewe njiani. Sehemu inayozidi gari iwe ya nyuma, na ncha yake uifunge kitambaa chekundu ili anayekufuata aione. Ukishaenda kilomita chache, simamisha gari ukaze tena. Dereva atalalamika kwamba unamchelewesha. Mwache alalamike.

Ukishuka kwenye gari, tazama juu kabla ya kuinua chochote. Mitaa mingi ya Nairobi majengo yamesogea hadi karibu kugusa nyaya za umeme, na alumini hupitisha stima vizuri sana. Ibebe ngazi ikiwa imelala, watu wawili, mmoja kila upande wa ncha. Ukiwa peke yako, inua kidogo ncha ya mbele ipite juu ya vichwa vya watu, na ukifika kwenye kona piga kelele. Kama nyaya ziko karibu na dirisha, hiyo si kazi ya ngazi ya alumini. Zipo za faibaglasi ambazo mafundi wa umeme hutumia, lakini hata hizo zikilowa maji na uchafu usiziamini. Sisi ni watu wa maji, kumbuka.

Nifike kwenye siku ambayo sipendi kuikumbuka.

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Nyumba ya ghorofa moja, dirisha la chumba cha kulala, chini kabro yenye ule ukijani wa mvua. Kulikuwa na kitanda cha maua ukutani, kwa hivyo tuliivuta ngazi mbali na ukuta kuliko inavyofaa. Mipira ya miguuni mwa ngazi ilikuwa imelika, tuliijua, tukasema tutanunua mingine wiki ijayo. Mwenzangu alikuwa juu, mimi nimeshika chini. Simu ikaita. Alikuwa mteja mwingine, kazi kubwa tuliyokuwa tukiingoja, nami nikaachilia mkono mmoja, kisha wa pili, nikageuka kuongea.

Miguu ya ngazi iliteleza nyuma kwenye kabro na maji ya sabuni. Mwenzangu alianguka kama mita mbili na nusu hivi na kuvunjika mkono karibu na kiganja. Wiki sita alikaa na plasta. Kazi kubwa ile ilienda kwa wengine. Yeye hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilikuwa zito kuliko matusi.

Tangu siku hiyo simu hubaki kwenye begi, na hesabu tunaifanya kila mara: kwa kila mita nne za kwenda juu, miguu ya ngazi ikae mita moja kutoka ukutani. Dirisha la mita sita, basi mita moja na nusu. Kama huna kipimo, simama vidole vya miguu vikigusa miguu ya ngazi, nyoosha mikono mbele. Viganja vikifika sawasawa kwenye kikanyagio cha usawa wa mabega, uko poa. Ikiwa maua, mtaro au gari la mtu vinazuia hesabu hiyo, badilisha njia ya kufanya kazi, usibadilishe hesabu. Sisi siku ile tungetumia fimbo ndefu ya kurefuka yenye brashi, tusimame chini kabisa. Tulikuwa hatuna. Sasa tunazo mbili, na madirisha mengi ya ghorofa ya kwanza hatuyapandii tena.

Ukilazimika kupanda, vikanyagio vitatu vya juu usivitumie. Usiegemeze ngazi kwenye kioo wala kwenye mfereji wa plastiki wa maji ya mvua. Kitovu chako kibaki kati ya mihimili miwili. Ukiona inabidi ujinyooshe ili ufikie kona, shuka uisogeze. Ni kazi ya kuchosha, najua. Tazama pia kibandiko cha uzito: ngazi nyingi za kazi huandikwa kilo 150, na hapo unahesabiwa wewe, viatu vyako na ile ndoo ya lita kumi ambayo ni kilo kumi za maji. Ndoo tunaipandisha kwa kulabu ili mikono ibaki huru. Na kama ngazi yako ni ya mbao kutoka Gikomba, usiipake rangi hata kama inapendeza, maana rangi huficha nyufa.

Kuhusu ghorofa ya tatu kwenda juu, sisi tunakataa. Hiyo ni kazi ya watu wa kamba na mikanda waliofunzwa. Wateja hukasirika. Kuna mmoja aliyeniambia, “Kama hutaki doo, kuna kijana hapa nje atafanya kwa nusu.” Labda yupo kweli.

Kuna jambo la sheria ambalo mabeste wengi hawalijui. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya majeraha kazini, ile ya WIBA, humlinda mwajiriwa na kumtaka mwajiri awe na bima. Ukijiajiri na kuanguka mwenyewe, hakuna wa kukufidia. Lakini siku unapomwita rafiki akushikie ngazi na kumlipa ya jioni, usijione beste tu: kisheria unaweza kuwa mwajiri wake. Mimi nilijifunza hayo nikiwa kwenye benchi la hospitali, nikisubiri picha ya mkono.

Mwenzangu amerudi kazini. Yeye hushika fimbo, mimi hupanda pale inapobidi, na yeye ndiye anayeshika chini. Ngazi hatuirudishi tena Roysambu. Imefungwa kwa mnyororo katika stoo ya keateka mmoja Kilimani ambaye tunamuoshea madirisha ya ofisi yake bure kila mwezi. Asubuhi napanda matatu na ndoo yangu na fimbo iliyokunjwa, na makanga haulizi kitu.